Kadi ya Kuogelea ya Merle Ostby

Waliohudhuria: Dkt. Denise Whitcomb, mkuu wa chuo na mwenyekiti wa kikao, Bi. Glenda Roos, msajili, Dkt. Vernon Sather, daktari wa meno mstaafu, mhitimu wa mwaka 1961, Bi. Karin Ostby, mkuu wa maktaba ya mji. Na mimi, Palmer Lunde, mhitimu wa mwaka 1962, mwalimu mstaafu wa Kilatini, katibu. Hakuna aliyeomba udhuru.

Nimeandika aya ya namna hiyo kwa miaka thelathini na minne, nami huiandika kwanza kabla mtu hajasema neno, ili ukurasa usiwe mtupu. Siku ile niliiandika kwa utulivu. Sikujua kwamba ndiyo aya pekee ya kikao kile ambayo ningeiandika bila kufuta neno.

Tulikutana Jumanne ya pili ya Aprili, saa nne asubuhi, katika chumba cha kusomea cha jengo la zamani. Theluji ilikuwa bado imelala upande wa kaskazini wa kila ukuta. Chuo cha Nordby kilikuwa na wanafunzi mia mbili na themanini mwaka ule, na mwishoni mwa Mei kilikuwa kifungwe kabisa, baada ya miaka mia moja na ishirini na sita. Vitabu vilikuwa vimekwisha kutiwa katika maboksi. Jambo moja tu lilibaki mikononi mwa kamati yetu: bamba la shaba la wahitimu mashuhuri. Lile la zamani lilikuwa limelika hata majina mengine hayasomeki, ikaamuliwa lifuliwe jipya lenye majina kumi na mawili, nalo litundikwe katika maktaba ya mji. Mfua shaba alitaka orodha kamili ifikapo Ijumaa.

Kuna utaratibu uliowekwa mwaka 1926, na hatujapata kuuacha. Msajili hufungua faili la kila anayependekezwa, akasoma sharti moja moja la kuhitimu, na kamati nzima hujibu kwa sauti: “Ipo.” Mmoja tu asipojibu, jina huanguka. Hakuna kura wala hotuba. Wageni hutuona kama watu walio kanisani, na pengine hawakosei.

Majina sita ya kwanza yalipita bila shida. Palikuwa na mwimbaji, jaji, mama mmoja aliyeongoza shule za viziwi katika majimbo matatu, na watu wengine ambao picha zao tulizizoea ukutani. Glenda alikuwa ameleta kahawa katika birika kubwa la umeme, na keki ya ndimu iliyokatwa miraba. Ilipofika saa tano, sahani ilikuwa imebakiwa na mraba mmoja, na kwa kuwa hapa kwetu hakuna mtu mwenye malezi anayemaliza kipande cha mwisho, kila aliyepita mezani aliukata nusu na kuacha nusu.

“Nani amekata hiki tena?” akauliza Vernon. “Kilichobaki hapa ni sadaka ya panya.”

“Ni wewe, Daktari,” akasema Karin. “Nimekuona.”

“Mimi nimekata robo. Aliyekata nusu ni huyu Mlatini wako hapa, anajifanya anaandika.”

“Naandika kwamba umekula vinne,” nikasema.

Karin akacheka. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na alipocheka aliinamisha kichwa kama baba yake. Alikuwa akiniita Mjomba Palmer tangu hajaota meno ya mbele, ingawa hatuna damu moja. Baba yake na mimi tulilala chumba kimoja kwa miaka minne.

Glenda akachukua faili la saba. “Merle Ostby. Mwaka 1962. Jiolojia.”

Karin akaweka kikombe chini. “Nitoke nje?”

“Kanuni haisemi hivyo,” akasema Dkt. Whitcomb. “Ukitaka kukaa, kaa.”

“Nitakaa. Sikufichi, siku hii nimeingoja.”

Alikuwa na haki ya kuingoja. Merle alichora ramani za udongo ambazo mpaka leo wakulima wa majimbo manane hutumia kujua mahali pa kuweka makinga maji na mahali pa kuacha nyasi. Alifanya kazi hiyo kwa miaka tisa tu, kisha, Julai ya mwaka 1971, akazama katika ziwa lililo maili kumi na mbili kutoka hapa. Mashua yake ilikutwa inaelea, haikupinduka, makasia yako ndani, viatu vimewekwa pamoja. Basi mji ukanong'ona kwamba alijitosa mwenyewe. Kila jina lake lilipotajwa katika kamati, mtu alikohoa, tukaendelea na jingine. Safari hii Vernon alilipendekeza na hakuna aliyekohoa. Waliokuwa na desturi ya kukohoa wamekwisha kufa.

“Insha ya mwaka wa kwanza?” akasoma Glenda.

“Ipo.”

“Lugha ya kigeni, mihula minne?”

“Ipo.”

“Kijerumani,” Vernon akaongeza. “Tulikaa dawati moja. Siku Merle alipokisoma kwa sauti, mwalimu alikwenda kufungua dirisha.”

“Historia ya Biblia?”

“Ipo.”

“Kuogelea?” Glenda akainua kadi ndogo ya rangi ya maziwa. “Urefu wa bwawa mara mbili bila kupumzika, tarehe kumi na nne Mei 1962. Shahidi, P. L.” Akanitazama juu ya miwani na kutabasamu. “Huyo nadhani tunamjua.”

Sharti hilo lilitoka kwa Bi. Agathe Nordby, aliyetoa bwawa baada ya wanawe wawili kuzama mtoni mwaka 1911. Alitaka asitoke mtu hapa na shahada pasipo kuvuka maji kwa mikono yake. Sharti liliondolewa mwaka 1994. Lakini kwa wote waliohitimu kabla ya hapo, kamati bado hulisoma.

“Ipo,” wakasema watu wawili.

Glenda alingoja. Vernon akageuka. “Palmer, umesinzia?”

Sikuwa nimesinzia. Neno lilikuwa limefika mdomoni na kukaa. Lakini Karin naye hakuwa amejibu, na macho ya wote yakahamia kwake, kwa maana alikuwa amenyoosha mkono juu ya meza.

“Naomba niione,” akasema.

Glenda akampa. Karin aliishika kwa ncha za vidole, kama wanavyoshika karatasi watu wa maktaba.

“Bwawa lile lilikuwa na urefu gani?”

“Futi sitini,” nikasema.

“Kwa hiyo kwenda na kurudi ni futi mia na ishirini.”

“Ndiyo.”

“Polisi wa wilaya walipima kutoka mashua mpaka gati. Futi tisini.” Hakuwa akizungumza na yeyote kati yetu hasa. “Siku yenyewe haikuwa na upepo. Mama alikuwa akiirudia hesabu hiyo akiosha vyombo. Si kwa maneno. Ulikuwa ukiiona mgongoni mwake. Mia na ishirini alizimaliza, tisini zikamshinda. Viatu havikumsumbua, maana baba alipanga viatu namna ile hata akikaa kula. Makasia hayakumsumbua. Ilikuwa hii.” Akaiweka kadi mezani. “Asubuhi ile mama alimwambia baba avae jaketi la kuokolea. Baba akacheka, akamwambia chuo kimeshasaini kwamba anajua kuogelea.”

Dkt. Whitcomb alikuwa na huruma ya mtu aliyewaaga wafanyakazi wengi kwa mwaka mmoja. Alimsogezea sanduku la karatasi laini, lakini Karin hakuwa analia.

“Niliona vyema niitazame mara moja,” akasema. “Sasa tuendelee. Kuogelea. Ipo, bila shaka. Na yeye hakutaka kuogelea siku ile, basi. Mama alilikubali hilo kabla hajafa, na mimi nimelikubali. Alituacha. Lakini ramani alizichora vizuri, na jina lake likae pale nilionapo kila siku. Ndilo ninaloomba.”

Glenda akaishika tena kadi. “Kuogelea?”

“Ipo,” akasema Karin.

“Ipo,” wakasema wale wawili.

Nilikuwa na miaka sabini na tisa. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka arobaini kwamba kosa moja la mwanzo huharibu sentensi yote, na kwamba ukilikuta, hulifuniki kwa koma. Ningejibu neno moja, na jina la rafiki yangu lingefuliwa katika shaba, na binti yake angepita chini yake kila asubuhi akiamini kwamba baba yake alimtazama yeye na mama yake, akaona afadhali maji.

“Haipo,” nikasema.

Vernon akacheka kidogo. “Acha mzaha, ndugu yangu.”

“Haipo. Merle hakujua kuogelea. Kadi hiyo niliisaini mimi, na si kweli.”

Nilieleza kwa mpangilio, kwa kuwa sijui kueleza kwa namna nyingine. Mwaka ule nilikuwa msaidizi wa bwawani. Merle alikuwa ametoka nyanda kavu za mashariki ya Montana, ambako maji mengi aliyopata kuyaona ni ya birika la ng'ombe, na kwa miaka minne aliahirisha mtihani ule. Siku tatu kabla ya mahafali alikuja akiwa na kaptura ya kuazima. Alijaribu mara tatu. Mara zote tatu alipofika sakafu inapoanza kuinama alizama, nami nikamvuta kwa ule mti mrefu wenye ndoano. Baba na mama yake walikuwa wamekwisha kuondoka nyumbani, wako njiani kwa gari, siku mbili za safari, na mama yake alikuwa hajapata kutoka Montana maishani. Merle alikaa ukingoni akitetemeka. Akaniambia, “Palmer, nitajifunza kiangazi hiki. Nakuapia.” Mimi nikachukua kalamu.

“Hukumwambia mtu,” akasema Glenda polepole. Alikuwa msajili kwa miaka ishirini na miwili. Jambo hilo lilimwumiza kwa namna ya kazi yake.

“Sikumwambia mtu.”

“Sikiliza,” akasema Vernon. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini alijaribu. “Sikilizeni nyote. Chuo kina wiki sita. Kadi ni kadi. Merle alistahili jina mara kumi kuliko yule mwimbaji. Palmer amezeeka, amechanganya kadi ya mtu mwingine. Au sivyo, Palmer? Sema ndivyo.”

“Sivyo, Vernon.”

Dkt. Whitcomb akasema kwamba kamati ingeweza kuandika msamaha wa sharti, kwamba hakuna atakayeubatilisha, kwamba sharti lenyewe halipo tangu mwaka 1994. Alisema vizuri. Lakini Karin hakumsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi.

“Kwenye mazishi ulikuwepo,” akasema.

“Nilibeba jeneza.”

“Mama alikuuliza. Aliniambia. Chini ya kanisa, kwenye meza ya kahawa. Alikuuliza wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyempima.”

Nilikuwa nimetumaini kwamba Lois, mama yake, hakumwambia.

“Aliniuliza, ‘Palmer, aliweza kuogelea?’” nikasema. “Nikamjibu, ‘Aliweza.’”

“Kwa nini?”

Nilikuwa na majibu mengi, niliyoyatunga kwa miaka arobaini na minane. Kwamba nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa na chuo hiki. Kwamba shahada ya Merle ingefutwa naye yuko kaburini. Kwamba nilidhani namfariji mjane kwa kumsifu mumewe. Nilipoyapanga pale mbele yake, hayakujipanga.

“Niliogopa atajua kwamba ni mimi,” nikasema.

Karin akasimama. “Bwawa lingali wazi?”

“Lina viti tu,” akasema Glenda. “Ufunguo huu hapa.”

“Twende,” akaniambia.

Tulishuka wawili. Bwawa lilikuwa kavu kwa miaka kumi na miwili, na mafundi walikuwa wamepanga humo viti vya mahafali, mamia, vimekunjwa na kulazwa kando ya ukuta wa pembeni. Harufu ya dawa ya maji haijaondoka kamwe. Karin akavua viatu vyake virefu, akaviweka pamoja ukingoni, akashuka ngazi za chuma mpaka sakafuni. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta akihesabu hatua kwa midomo, akageuka, akatembea nusu ya urefu, akasimama.

“Hii ndiyo tisini?”

“Karibu na hapo.”

“Ni padogo.” Akatazama nyuma, kisha mbele. “Yeye alizama wapi? Siku ile ya mtihani.”

Nilishika chuma, nikashuka. Magoti yangu hayapendi ngazi, na Karin hakunipa mkono. Nikamwonyesha mahali ambapo vigae vyeupe vinaisha na vya kijani vinaanza, sakafu inapoinama. Kutoka ukutani ni futi ishirini na tano, pengine kasoro.

“Mara zote tatu?”

“Mara zote tatu.”

Akaenda kusimama pale. Mikono yake ilining'inia, soksi zake zikiokota vumbi.

“Basi alikuwa anatania,” akasema mwishowe. “Asubuhi ile. Mama alidhani anajisifu. Nilikuwa mlangoni na kijiko mkononi, nakumbuka. Alikuwa anacheka kwa sababu ilikuwa utani, na walioujua ni yeye na wewe tu.” Akapangusa uso kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. “Labda aliinuka kuvuta nanga. Mashua ikayumba, akaanguka.”

“Ndivyo ninavyodhani.”

“Umedhani hivyo tangu lini?”

“Tangu siku ile.”

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kama mtu anayeweka mzigo sawasawa begani. “Mama alikataa kuzikwa kando yake. Unajua hilo. Kiwanja kilikuwepo, jiwe lilikuwa na nafasi ya jina. Akaniambia, ‘Mtu aliyeniacha akiwa hai, sitamfuata akiwa maiti.’ Amelala na wazazi wake ng'ambo ya mto, mbali na mumewe, mwaka wa tatu huu. Na wewe ulikuja kwenye mazishi yake pia. Ulileta bakuli la viazi.”

“Nilileta.”

“Ungeweza kuniambia siku ile.”

“Ningeweza.”

Nilingoja aseme zaidi. Nadhani nilitaka anitukane, maana tusi lina mwisho. Alipanda ngazi, akavaa viatu, akatangulia.

Juu, wenzetu walikuwa wamekaa kama tulivyowaacha. Kile kipande cha keki kilikuwa bado sahanini, na hakuna aliyekikata tena. Dkt. Whitcomb alikuwa amekwisha kuandika msamaha wa sharti kwa mwandiko wake mzuri, mistari minne, ukingoja saini zetu.

“Karin,” akasema Vernon kwa sauti ya chini, “jina la baba yako tusiliache liende. Saini hapo, mama. Sote tutasaini.”

Karin hakukaa. Aliuchukua ule ukurasa, akausoma wote, akamrudishia mkuu wa chuo kwa adabu.

“Ahsante, Denise. Najua umeandika kwa wema. Lakini msamaha huu unasema alikaribia kutimiza. Hakukaribia. Alizama futi ishirini na tano kutoka ukutani, mara tatu, na mara ya nne hapakuwa na mtu mwenye mti.” Akaweka mikono yote miwili juu ya kiegemeo cha kiti chake. “Mkisoma faili lile tena, mtafika kwenye kuogelea, nanyi mtataka niseme ‘Ipo.’ Nimelisema leo mara moja. Neno hilo ndilo lililomweka mama yangu ng'ambo ya mto. Silisemi tena.”

Glenda alikuwa amekwisha kufunga faili, lakini kadi ilikuwa nje, peke yake juu ya meza.

“Nimeamua hivi,” akasema Karin, nami nikachukua kalamu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. “Jina la Merle Ostby liondoke. Bamba litakuwa na majina kumi na moja, na nitalitundika na kulipangusa kama nilivyoahidi. Kadi ibaki ndani ya faili, ila iandikwe juu yake kwamba si kweli, kwa mkono wa aliyeisaini, na tarehe ya leo. Bwana Lunde ataandika. Na mwezi ujao, ardhi ikishalainika, namhamisha mama. Namrudisha kwa mumewe.”